Leso Niliyombebea Mama Mele

Alhamisi

Leso ameenda nayo, na ukweli sikumwambia.

Tangu mwalimu aliposema mama yake Mele, mwanafunzi wetu, anatoka Tonga, huko visiwa vya Pasifiki, na atakuja kuwachezea watoto ngoma ya kwao, nilishajua nitakachokiona. Tumbo wazi, sketi ya majani, viuno. Na hawa ni watoto wa darasa la tatu, hapa Sparkhill, Birmingham. Mimi msaidizi tu wa darasa, lakini nikabeba leso nimsitiri.

Akaingia na gauni la kufika miguuni, na juu yake mkeka amejifunga kiunoni. Leso nilikuwa nimeshaishika mkononi. Akaiona.

"Ni yangu?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Akaifunga juu ya mkeka, taratibu. Akawaambia watoto kwamba kwao mtu hujifunga kiuno kwa heshima, hata akienda kanisani, na kwamba tangu afike Birmingham hakuna aliyemheshimu hivi.

Kisha akacheza. Magoti pamoja, kiuno kimetulia, mikono tu ndiyo inasimulia.

Na mimi ndiye niliyekata viuno kwenye arusi ya dada yangu Mombasa mpaka nikavua viatu. Hakuna aliyenijia na leso.

Mlangoni akanikumbatia. Nilitaka kumwambia niliileta ili nimfunike, nikaishia kumkazia fundo la leso.

Amesema ataifunga Jumapili kanisani kwao. Amenialika nije nikae naye mbele.