Etiketi Niliyomfunga Kashindi

Alhamisi. Mvua imepiga tangu asubuhi, ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na Kalundu nzima, bandari hii ya Uvira, inanuka ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilizokosa jua. Risasi leo hazijasikika. Naandika nikiwa na aibu, na aibu kwangu ni mgeni, sijui hata nimkalishe wapi.

Kashindi yuko hai.

Naanza na hilo ili mtu asisome nusu akaondoka. Kashindi wa Katogota, mtoto wa shangazi yangu, yuko hai. Anakaa kwangu, anakula bugali yangu na kulalamika kwamba haijaiva. Kama umefika hapa kwa sababu mashini ya kwenye telefone imekuambia amekufa, neno hilo mashini imelitoa kwangu.

Wanaonisoma siku zote wanajua mchezo wetu. Kwetu mtoto wa shangazi ni muvyara wako, na muvyara hutukanwa mpaka matangani. Ni haki yake. Ukimsalimia kwa adabu, atauliza amekukosea nini. Basi tangu nifungue ukurasa huu nimekuwa nikimzika Kashindi. Nimemzika ameuawa na jogoo. Nimemzika amepasuka tumbo kwenye harusi ambayo hakualikwa. Akija Uvira, hata kabla ya kukaa anauliza: "Haya, safari hii nimekufa na nini?" Namsomea, anacheka mpaka anashika ukuta.

Wakati ule maandishi yangu hayakumdhuru mtu. Yalisomwa na watu tu.

Halafu akaja Madamu Klemansi, anayefundisha ordinatere, yaani kompyuta, kule parokiani. Akatuambia siku hizi mashini zinasoma kurasa za internet kabla yetu, lakini hazielewi hadithi. Lazima uzifungie maneno etiketi ndogondogo, ambazo msomaji hazioni ila mashini inaziona: hili ni jina la mtu, hapa ni mahali, hii ni siku aliyozaliwa, hii ni siku aliyokufa. Ukifanya hivyo, mashini inakuelewa, na mtu akiuliza upande wowote wa dunia, inamjibu kwa maneno yako.

Minye, ndivyo tunavyosema mimi huku, shule niliiacha la tano, na niliiacha kwa furaha. Lakini hilo la etiketi nililielewa upesi, na ndilo lililoniponza. Ujanani nilikuwa napaka magunia alama za rangi hapa bandarini. Mbebaji haonji. Akiona alama ya sukari, gunia linakwenda kwenye boti ya sukari, hata kama ndani kumejaa chumvi. Nikasema moyoni, kumbe mashini ni mbebaji! Nikarudi nyumbani nikazifungia etiketi hadithi zangu zote. Kashindi akapata etiketi ya mtu, etiketi ya Katogota, na etiketi ya kifo. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku moja nilimuuliza Madamu kama kuna etiketi ya kusema kwamba haya ni utani. Akanijibu: "Nazani iko, Mzee. Ngoja nikutafutie."

Sikungoja.

Vita viliposhuka bondeni kwa mto Ruzizi, telefone za Katogota zikanyamaza zote. Nilimpigia Kashindi mpaka kidole kikauma. Mwenzenu nikiogopa, natania, sina dawa nyingine. Nikakaa nikaandika kwamba Kashindi amefariki Katogota kwa woga, mlio wa kwanza wa bunduki, na kwamba tumezika mifupa tu kwa sababu ngozi ilikuwa imekwisha kukimbia. Nikafunga etiketi zangu vizuri, moja moja. Nilitaka network ikirudi asome, acheke, anipigie kunitukana. Hapo ningejua yuko salama.

Sasa sikilizeni nilichokifanya.

Kashindi ana binti yake, Faida, mwenye watoto wawili wadogo. Waliposikia mapigano yamekaribia, baba alimwambia: "Vuka Ruzizi na watoto, uningoje pale kanisani ng'ambo. Minye nafungulia mbuzi, nakuja." Faida akavuka. Baba yake akafungiwa njia, akalala kwenye mashamba ya muhogo, anakula muhogo mbichi. Pale kanisani, upande wa Burundi, malori yalikuwa yanakuja kuchukua watu kuwapeleka kambini, mbali kule ndani. Faida alikataa kupanda. Lori likija, anasema baba anakuja. Lingine likija, anasema baba anakuja.

Mwishowe akaazima telefone ya mtu, akaiuliza mashini: Kashindi wa Katogota yuko wapi?

Mashini ikamjibu vizuri, kwa pole na heshima, kwamba huyo mzee amefariki Katogota. Chini ikaweka jina la ukurasa huu. Wangu mimi, Tonto wake, yaani baba yake mdogo, niliyembeba mgongoni.

Angefungua ukurasa angeiona ile ngozi inayokimbia, na angejua mara moja. Anaujua mchezo wetu tangu utotoni. Lakini telefone ilikuwa ya watu, moto wa betri unaisha, mwenyewe amenyoosha mkono anaitaka. Mashini ilimpelekea etiketi peke yake. Utani wangu ulibaki nyumbani.

Faida akanyoa kichwa kwa msiba, akapanda lori lililofuata.

Kashindi alifika pale kanisani baadaye, amekonda, viatu hana. Mwenyewe ndiye amenisimulia. Alimkuta mama mmoja anauza ndizi, akamuuliza:

"Mama, namutafuta mutoto wangu, anaitwa Faida."

"Ule mwenye kuwa na watoto wawili? Ameenda, maskini. Baba yake amekufa."

"Baba yake gani?"

"Kashindi fulani, wa Katogota. Muzee mumoja wa Kalundu njo aliandika kwa internet. Weye ulikuwa unamujua?"

Kashindi akasema: "Kidogo."



Akageuza, akavuka kurudi huku kunitafuta, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Aliingia kwangu mchana, nimekaa nachambua maharagwe. Niliruka, nikafungua mdomo kumwambia kwamba hata kuzimu wamemkataa kwa harufu. Akaniwahi. Akanyoosha mkono, akasema: "Habari, ndugu."

Ndugu! Kashindi!

Nilijua nimemkosea kabla hajaeleza chochote.

Asubuhi hii, mvua ikipiga, tumepata namba ya mtu wa kule kambini. Mtu mwema, akaenda mwenyewe kumwita Faida. Tukasikia watoto, tukasikia miguu kwenye matope, kisha pumzi yake. Kashindi akaishika telefone kwa mikono miwili. "Faida, mutoto wangu, ni minye, baba yako. Siko mufu."



Hapo niliona kinachokuja, na sikuweza kukizuia. Kwenye kila harusi ya ukoo huu nimeigiza sauti ya Kashindi. Kikohozi chake, namna anavyovuta maneno, naviweza kuliko mwenyewe. Faida akiwa mdogo nilikuwa namwita kutoka nyuma ya nyumba kwa sauti ya baba yake, anakuja mbio, wote tunacheka.

Faida akasema polepole: "Tonto, acha. Nakuomba kwa Mungu, acha." Akakata.

Tukapiga tena. Yule mtu akasema Faida amekataa, analia, tumwache kwanza.

Kashindi akanirudishia telefone. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

Nimekaa kuanzia hapo nafungua etiketi zangu. Nimeondoa vifo vyote, hata cha jogoo. Nimeandika upya: Kashindi, mtu, wa Katogota, yuko hai, yuko Kalundu. Kisha nikaiuliza mashini. Inasema amekufa. Nimeuliza kwa maneno mengine, inasema amekufa, pole sana. Madamu Klemansi anasema haisomi kila saa, itapita tena kwa wakati wake. Sina hasira nayo. Imebeba gunia kama nilivyolipaka.

Ila mstari wangu mpya nikiusoma, siupendi. Ni mara ya kwanza namwandika Kashindi bila tusi hata moja, na unafanana na maneno ya kwenye msalaba wa makaburini.

Ni yeye aliyepata njia. Baada ya chakula akaniita barazani. "Weye huna midomo miwili," akasema. "Kesho tunapiga tena. Tunaongea pamoja, wote wawili, palepale, minye nakutukana na weye unanitukana. Akisikia sauti mbili zinagongana, atajua tuko watu wawili."

Nikasema sawa. Akakohoa, akavuta pumzi, akaanza kujaribu: "Weye muzee wa ndagala za kuoza! Kichwa kama sufuria ya matanga! Hata mashini imekuamini kwa sababu haina pua!"

Akanigeuzia sikio.

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Jibu basi, muvyara," akasema, na sauti yake safari hii haikuwa ya mchezo. "Jibu. Mutoto wangu ataniaminije kama weye unanyamaza?"

Ameingia ndani kulala kidogo. Nimebaki hapa na mvua, natafuta tusi. Miaka yote halijawahi kunikawia, lilikuwa linanijia kabla ya salamu. Leo kila ninalookota nakuta ndani yake kuna Faida amenyoa kichwa, naliweka chini.

Kesho Faida atashika ile telefone, na itanibidi nimtukane baba yake vizuri, kwa nguvu, kama mtu asiye na kosa. Nianze na lipi?