Sanduku Moja Lililopona

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Umri: miaka 31. Kazi: mwanafunzi wa uzamivu, maabara ya virusi. Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya chuo.

Leo saa tatu asubuhi fundi wa majokofu ameeleza mbele ya afisa wa polisi kwamba jokofu la maabara yetu halikuhujumiwa. Mpira wa mlango ulipasuka, baridi ikavuja. Afisa aliniambia naweza kwenda. Nimeomba kuendelea.

Mimi na mwenzangu, tunayemwita Bi Popo, tulianza masomo siku moja, miaka minne iliyopita. Yeye huchunguza virusi vya popo, mimi vya kuku. Msimamizi wetu humwita "mwanangu". Mimi huniita "wewe". Mhudumu wa maabara hunitania: "Kuku naye ana mabawa, shoga, lakini anayeruka ni popo." Nami hucheka. Mama yangu kila akipiga simu huuliza, "Mwenzio anamaliza lini?"

Mnamo tarehe 14 Machi, Jumamosi, msimamizi alitualika wote kwake kumpongeza Bi Popo, kwa kuwa makala yake ilikubaliwa kuchapishwa. Nilisema nina kazi. Sikuwa nayo. Nilikwenda maabara, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Saa tisa na dakika kumi alasiri king'ora cha jokofu kililia. Kipimo kilionyesha nyuzi 54 chini ya sifuri badala ya 80. Hapo sampuli zilikuwa bado salama. Utaratibu wetu ni kwamba anayesikia king'ora humpigia simu aliyeandikwa mlangoni, kisha huandika saa kwenye daftari linaloning'inia hapo. Aliyeandikwa ni Bi Popo. Nilitafuta namba yake. Picha yake ilikuwa mpya: amevaa kofia ya kuingilia pangoni, anacheka. Nikairudisha simu mfukoni.

Nilizima king'ora. Sikuandika kitu. Nilitoa sanduku langu la sampuli, nikalihamishia jokofu la chumba cha pili, lililokuwa na nafasi ya masanduku yote. Kisha nilikwenda nyumbani kufua.

Jumapili saa mbili asubuhi Bi Popo alikuta sampuli zake zote, mirija 212, zimeyeyuka. Ni kazi ya misimu mitatu mapangoni. Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni.

"Dada, na vyako?"

"Vimepona."

"Afadhali," akasema. "Angalau mmoja wetu atamaliza."

Hadi leo hajaniuliza vilipona vipi.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, na sikushurutishwa na mtu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mwenyewe leo, tarehe 18 Machi. Shahidi alielezwa mara mbili kwamba anaweza kuishia kwenye taarifa ya fundi, alikataa. Daftari la jokofu limechukuliwa. Ukurasa wa tarehe 14 ni mtupu. Mwenye sampuli ameitwa kituoni Jumatatu, tarehe 23 Machi, saa tatu asubuhi, asomewe maelezo haya. Shahidi ameomba awepo.