Kipande cha Shaba Kwenye Gunia la Maharage

Kwa hiyo hapana, mama mkwe hana kosa. Nimewaza tangu jana na nazidi kuona kosa ni langu, la mtu aliyeanika vipande vya injini kwenye turubai la maharage kisha akaenda zake kuchota maji.

Leo ni Jumamosi. Mvua imepiga asubuhi, sasa jua limetoka na migomba inang'aa kama imepakwa mafuta. Moyo wangu uko hivyo hivyo, nusu mvua nusu jua.

Nina miezi mitatu tangu niolewe. Bado nikiandika maneno "mume wangu" mkono unasimama kidogo, nitabasamu kwanza. Anaitwa Evodius. Ana sauti ya kwaya na vidole virefu, na siku hizi vidole hivyo vina grisi hadi kwenye kucha, nami naona vimezidi kupendeza.

Wenzetu wakipata zawadi za harusi hununua seti ya makochi. Sisi tulinunua kombi ya zamani iliyokuwa nyuma ya duka moja kule Bisibo, kuku wakitagia ndani. Zamani ilikuwa ya misheni. Maandishi ya mlangoni yamefifia, umebaki msalaba tu. Haikuwaka, ikavutwa kwa trekta hadi hapa Runazi, Evodius kwenye usukani na mimi pembeni yake, tukipungia watu mkono kama maharusi kwa mara ya pili.

Kiti chake kirefu cha nyuma tumekitoa na kukiweka sebuleni juu ya matofali. Ndilo kochi letu. Siku gari likipona tutakaa chini.

Hatukujua lolote kuhusu magari, na hilo ndilo linanifurahisha kuliko yote. Siku mbili nzima tulitafuta rejeta. Evodius alizunguka gari na jagi la maji mkononi, akichungulia mbele, chini, hata chini ya viti. Tulipompigia fundi wa Nyakahura alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema injini iko nyuma, na haihitaji maji. Inapoozwa na upepo.

Upepo tu.

Nililifukua daftari langu la fizikia la kidato cha tatu. Kunyonya, kugandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Nilikariri kwa ajili ya mtihani nikasahau siku iliyofuata. Sasa naigusa hiyo fizikia, ina masizi, na kila nati ninayofungua nataka kujua ilikuwa inashika nini na kwa nini.

Sasa nieleze kwa nini naharakisha.

Bibi yangu wa Ntobeye, kule Ngara, ndiye aliyenilea. Miguu ilimkatalia kuja harusini. Siku ile nilimwahidi kwenye simu kwamba nitamletea mume wangu kwa gari letu wenyewe, kisha tumchukue aje aone ninapoishi. Tangu hapo nimeahirisha mara tatu. Mara betri, mara breki, mara ya mwisho hata sikumbuki. Na macho yake yanapungua. Mwezi uliopita aliniambia kwa utani wake, "Njooni kabla sijaanza kumtazama mumeo kwa vidole."

Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Jumatano nilifungua kabureta peke yangu, mara yangu ya kwanza, Evodius akiwa shambani. Nilichora kila kipande kilikotoka. Nikaviosha vyote kwa petroli, skrubu, springi na kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano, ambacho fundi alisema petroli yote ya gari hupita hapo. Nikavipanga vikauke pembeni ya turubai ambalo mama mkwe alikuwa ameanikia maharage. Kulikuwa na nafasi, na jua lilikuwa zuri. Sikumwambia mtu.

Mvua ikaja ghafla. Mama mkwe akafanya kile ambacho kila mwanamke wa huku hufanya maharage yakitaka kulowa. Alikimbia, akakunja turubai pembe nne, akamwaga kila kitu kwenye gunia. Anasema alisikia kitu kinagonga, akadhani ni mawe.

Nilirudi na ndoo kichwani nikakuta turubai tupu.

Kesho yake, kabla sijathubutu kusema, alikuwa ameshachota maharage juu ya gunia lile lile na kumpa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Ngara. "Peleka kwa bibi yake mkwe wangu. Mavuno ya kwanza aliyolima hapa, mwenzangu aliyemlea lazima aonje." Ningemwambiaje mtu mwenye moyo kama huo?

Jana nilikiri. Mama mkwe hakunigombeza. Alileta nyungo tatu, akatukalisha barazani, mimi, yeye na mwanawe, tukachambua gunia zima. Evodius hajawahi kushika ungo, akawa anamwaga zaidi ya anachobakiza.

Mama yake akamwambia, "Wewe pepeta taratibu, hufukuzi nyuki."

Skrubu zikapatikana. Springi zikapatikana. Kila tulipopata moja tulishangilia kama tumepata mtoto. Kipande cha shaba hakikuonekana.

Leo asubuhi nimempigia Bibi, simu imewekwa sauti kubwa, sote watatu tumeinama.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Gari limefika wapi?"

"Bibi, yale maharage umeshayapika?"

"Nusu. Matamu sana. Ila huko mnachambua kama watu waliofumba macho, nimekuta chuma."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikauliza kilivyo. Kidogo kama punje, akasema, kina tundu. Na alikijuaje? "Siku hizi nachambua kwa vidole. Kwa macho ningekipika."



Nikamwomba akikabidhi kwa jirani yule anaporudi Jumatatu, maana gari haliwezi kuwaka bila hicho.

"Simpi mtu. Nimekifunga kwenye pindo la kitenge, na hakitoki. Wewe umeolewa na mtu au na gari?"

"Na mtu, Bibi."

"Mtu huyo hana miguu?"

Evodius akasogelea simu. "Shikamoo Bibi. Miguu ninayo."

"Marahaba. Basi ilete niione, macho haya hayangoji fundi."

Akakata. Bibi huwa haagi.

Tumekaa kwenye kochi letu la kombi. Nilitaka kufika Ntobeye nikipiga honi, majirani watoke nje, Bibi asimame mlangoni aone mjukuu wake ameshuka kwenye gari lake. Nimeipamba picha hiyo miezi mitatu. Na miezi yote hiyo mabasi ya kwenda Ngara yamekuwa yakipita.

Evodius ameinuka, akafunika injini kwa turubai, lile lile, akafunga kamba. Amerudi akaniuliza Bibi anapenda tumpelekee sukari au chumvi. Nampenda mtu huyu hadi naogopa.

Gari litangoja. Bado nataka kujua litatoa sauti gani likiwaka, lakini kwanza nataka Bibi aone sura ya huyu aliyeniuliza habari ya sukari, aione yote, kwa macho yake mawili.

Bibi, husomi blogu, lakini naandika hapa ili niaibike nikishindwa. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kwa basi, na tukishuka tutamalizia kwa miguu. Usilifungue hilo pindo mpaka utuone.