Boti Lililogoma Kushuka

Stoo ya Meli,
Gati Na. 3,
S.L.P. 218.
Ijumaa, tarehe 9 Mei.

Dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu mkubwa, bado anakohoa au dawa imemkubali? Mimi ni mzima, ila kidole gumba cha kulia kimevimba. Sababu utaikuta huko chini, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Mama naye hajambo, isipokuwa yale macho. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili. Juzi aliliambia "pole" koti langu lililotundikwa mlangoni, akidhani ni mimi nimerudi kazini nimechoka. Daktari wa ng'ambo amempa nafasi Jumatatu tarehe 12. Akiikosa, atangoja miezi mitano. Basi halimfai, miguu inavimba. Imebaki meli, na meli yenyewe ni hii yetu, inayoondoka kesho saa mbili asubuhi.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Umeniuliza swali moja: meli ikipata matatizo, mama ataokoka? Ukaongeza kwamba unataka ukweli, hutaki siasa. Dada, ukweli nimeutafuta wiki nzima. Siasa imenifuata yenyewe.

Unanijua, sipendi kujibu kwa kukisia. Jumanne asubuhi nilimwomba serahangi, mkuu wa mabaharia wa deki, tushushe boti moja la kuokolea watu mpaka majini, nilione kwa macho yangu. Kazi ya dakika kumi. Akaniuliza, "Kwa amri ya nani?"

Hapo ndipo yalipoanza. Tulikuwa chumba cha kulia, watu kumi na mmoja na birika moja la chai. Mpishi, tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu hajui kukugawia uji bila hotuba, akasimama na upawa mkononi.

"Usalama wa baharini ni kazi ya serikali! Cheti kile pale ukutani, kina fremu na kioo. Kinasema boti linashuka. Wewe mtunza stoo ni nani ubishane na muhuri?"

"Muhuri hauelei," alimjibu fundi wa mitambo. Huyu tunamwita Spana. Kwake yeye kila kosa ni la tajiri mwenye meli, aliyekaa nchi kavu anakula kuku kwa mrija.

"Na serikali mnayoilaumu mliichagua wenyewe," akasema serahangi. "Mlipanga foleni tangu alfajiri."

"Mimi sikupiga kura. Siku ile nilikuwa zamu," Spana akajitetea.

"Basi nyamaza, huna hisa."

Nahodha alichungulia, wakamtaka atoe hukumu. Alisema meli ikiwa safarini wajibu ni wake, lakini ikiwa imefungwa gatini wajibu ni wa bandari. Kisha akaomba chai yake ipelekwe juu.

Kufikia Jumatano mchana tulikuwa na Kamati ya Usalama, wagombea watatu wa uenyekiti, na upinzani. Mpishi alishinda kwa kura sita. Walioshindwa wakadai kura zimenunuliwa kwa nyama ya ziada, na ni kweli siku hiyo bakuli za watu sita zilikuwa nzito. Boti lilikuwa bado liko juu.

Jana Alhamisi uvumilivu ulinishinda. Niliwaambia kwamba Jumamosi mama yangu anapanda meli hii, na haoni. Wengi wao wamekula nyumbani kwake. Serahangi akaweka kikombe chini, akatoka, akafungua breki ya boti la kulia.

Boti halikutikisika. Tulilisukuma watu wanne. Tukaligonga kwa nyundo, na hapo ndipo kidole changu kilipopata chake. Likatulia vilevile, kama nyumba iliyojengewa msingi.

Nikaenda kuleta shajara yangu ya stoo. Mara mbili kila mwaka, kabla mkaguzi hajaja, sisi hupaka maboti rangi. Mkaguzi wetu anapenda rangi mbichi. Huisogelea, huitazama, husema "safi," hutia saini. Niliwasomea tarehe kwa tarehe: rangi ya chungwa, makopo mawili, boti, kulabu na minyororo. Mara kumi na moja, rangi juu ya rangi, na katikati hakuna siku hata moja iliyoandikwa kwamba boti limeshushwa. Tumeligandisha kwa mikono yetu. Aliyetoa kila kopo ni mimi, na saini zangu zipo.

"Basi wa kulaumiwa ni kiwanda cha rangi," akasema mpishi, lakini kwa sauti ndogo.

Tuliparua rangi mpaka saa tisa alasiri. Ili kututia moyo, mpishi alipanda ndani ya boti akaanza kutuhutubia juu ya uwajibikaji. Alikuwa amefika kwenye "ndugu wananchi" ya tatu, kulabu zikaachia, boti likashuka naye bila kumngoja amalize sentensi. Likapiga maji, likaelea. Tukashangilia kama tumeshinda kombe.

Halafu kelele zake zikabadilika. Chini ya boti kuna tundu la kutolea maji ya mvua, na tundu halikuwa na kizibo.

"Likalie!" serahangi akamwamuru. "Likalie hilo tundu, Mheshimiwa, usinyanyuke!"

Akalikalia. Sijawahi kuona mwenyekiti aliyekaa kitini kwa manufaa ya umma kiasi kile.

Huku juu wakaanza upya. Serahangi akasema kizibo kimeibwa bandarini, Spana akasema tajiri hakukinunua. Dada, mimi nilijua kilipo. Kilikuwa stoo, rafu ya tatu, ndani ya kopo lenye karatasi niliyoiandika mwenyewe: "Vizibo vya maboti, 2." Nilivitoa miaka mitatu iliyopita ili visipotee. Na kweli havikupotea.

Nilikimbia kukileta, nikawaambia mbele ya wote kwamba ni mimi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kwa hiyo jibu lako kwa leo ni hili: boti la kulia linashuka na linaelea. La kushoto bado limeganda, na nahodha anasema ratiba ni ratiba. Nimemwambia mama asipande. Amenijibu kwamba hawezi kungoja miezi mitano kuona sura za wajukuu wake kwa ajili ya rangi. Sijui nifanye nini. Naweka kalamu, nachukua kikwaruzo.

Jumapili, tarehe 11 Mei.

Dada, naendelea. Jana saa mbili abiria walikuwa wamepanda, honi imelia, na boti la kushoto liko palepale. Nahodha akaamuru kamba zifunguliwe.

Serahangi alisimama kando ya kamba, mikono nyuma. "Nitazifungua boti likishuka, nahodha."

Spana akazima mtambo, akaja juu akijifuta mikono, akasema umezimika wenyewe. Mpishi hakuhutubia. Alikuwa ameshapanda kwenye boti pamoja nami, anaparua kwa kisu chake cha jikoni. Kura haikupigwa.

Abiria wakaanza kupayuka. Nani amechelewesha meli? Nani anawajibika hapa? Nahodha alitutazama mmoja mmoja, akachukua kipaza sauti. "Mimi, nahodha. Ngojeni." Kisha akavua kofia, akaomba kikwaruzo.

Boti lilishuka saa nane mchana. Tulilijaribu majini, tukalipandisha usawa wa deki. Hapo mama akanyanyuka kwenye benchi lake.

"Nipelekeni," akasema. "Mimi sioni, nitashika."

Akapapasa kulabu, moja baada ya nyingine. Akavuta mnyororo. Serahangi akamwongoza mkono mpaka kwenye kizibo, mama akakizungusha, akakifungua, akakifunga tena mwenyewe. Kisha akataka apelekwe upande wa pili, akafanya vilevile. Watu kumi na mmoja tulisimama mstari kama wanafunzi wanaosahihishwa madaftari. Kwenye kulabu ya mwisho vidole vyake vilikuta gamba la rangi. Akalibandua kwa ukucha, akauliza nahodha ni yupi, akamtilia mkononi.

Nahodha alilipokea kwa mikono miwili.

"Haya," mama akasema, "sasa twendeni."

Tulifika salama, bahari imetulia. Amelala kwa mama mdogo, na kesho saa tatu nitampeleka kwa daktari. Nitakupigia simu akishatoka.

Mama mdogo anakusalimu, na mjomba anauliza lini utakuja. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wote. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na usingizi usio na wasiwasi juu yetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Mtunza stoo.