Mbuzi za Inivasite

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimekasirika mbele ya kunywa chai. Mama mumoja wa Mbarara, Madamu Provia, amekuja hapa mu kambi ya Nakivale kufundisha bazazi benye batoto badogo. Eti baanze sasa kutayarisha feza ya inivasite, ile chuo kikuu! Batoto bangali banakojoa mu mukeka! Posho imekatwa, tunagawana mahindi kama dawa, naye anasema kila mwezi tuweke kidogo. Nikamuuliza kidogo inauzwa fasi gani, nikanunue kilo mbili. Batu bakacheka mpaka benchi ikalia.

Viviane, muke ya mwana wangu Anselme, hakucheka. Alikuwa amempakata Irakiza, binti yake wa miaka sita — mujukuu wangu, meno ya mbele hakuna. Aliniangalia kama vile nimetema mate mu sufuria.

Madamu naye, na Kiswahili yake ya Uganda: "Mzee, wewe nacheka tu. Lakini mtoto iko nakua."

Hakukasirika hata kidogo. Hiyo njo imeniudhi zaidi.

Jumamosi, 6 Septemba

Madamu ametupeleka Mbarara, batoto baone mulango wa inivasite. Viviane alisema anaogopa mji, akanivuta na miye. — Kuogopa mji! Mutu mwenye alivuka mpaka na risasi nyuma!

Askari wa getini: "Mzee! Wewe natafuta nani?"

"Nimekuja kuanza mwaka wa kwanza."

"Kusoma nini?"

"Kulinda mulango. Naona haina mutihani."

Nusura aturudishe sisi wote. Madamu akaomba musamaha kwa Kinyankore, muda murefu.

Ndani, binti mumoja alipita na koti nyeupe. Irakiza akamuuliza: "Unauza nyama?" Binti akacheka, akachutama, akamutia mu masikio kile kipimo cha daktari, akakiweka ku kifua cha mutoto mwenyewe. Irakiza akasikiliza moyo wake. Tangu pale hakusema neno mpaka tumefika Kabingo, mu njia ya kurudi. Irakiza! Kunyamaza!

Jumapili, 7 Septemba

Nimemupa Irakiza mbuzi yangu jike, na bana bake babili. Za inivasite. Nilifanya kwa desturi yetu: mbele ya mashahidi. Nyama ya kufuga ikishapewa mutoto hivyo, hakuna mukubwa anaigusa bila kumuomba mwenyewe. Shahidi ni mudogo wangu Onesphore. Alikula, alikunywa, alisema, "Nimeona." Alirudilia mara nyingine — chakula, si neno.

Madamu Provia alitaka akaunti ya benki. Nikamwambia benki haizai mapacha. Safari hii alicheka yeye.

Jumatano, 1 Oktoba

Hasira! Kalamu inaruka.

Bienvenu, kitinda mimba wangu, ule wa bodaboda, amepata muchumba. Mariette, binti ya Appolinaire. Muzuri, sikatai. Lakini Appolinaire anataka mbuzi, na Onesphore ameita réunion, mukutano wa jamaa, kusema mbuzi ziko. Ziko! Ule ule shahidi! Ule aliyeona na mudomo ukiwa na mafuta!

Eti baba njo anatoa mahari ya kijana. Najua. Miye njo baba, najua. Anselme, baba ya mutoto, alikuwa anaangalia viatu vyake kama vile vitamujibia.

Onesphore akaongeza: "Irakiza ni mutoto mwanamuke. Ataolewa, mbuzi zitarudi zenyewe." Viviane akatupa kifuniko cha sufuria chini. Kililia vizuri sana.

Nikamwambia Bienvenu auze piki.

"Papa, nikiuza piki, Mariette nitamulisha nini? Sauti ya injini?"

Imbwa huyu, karibu anichekeshe. Ulimi ni wa mama yake.

Basi nikatoa desturi. Nikasimama kabisa: muombeni mwenyewe! Akikataa, mambo imekwisha! Nililala nikifurahi. Irakiza hajawahi kumugawia mutu hata karanga iliyooza.

Alhamisi, 2 Oktoba

Tonton Bienvenu, baba yake mudogo, alimupandisha Irakiza ku piki, akamuzungusha uwanja wa mupira wote, akamununulia mandazi. Bakarudi. Mbele ya Onesphore akamuuliza kama anamupa mbuzi.

"Chukua, tonton."

Zote! Hata ile kadogo ka madoa! Mutego nilitega miye, nikanaswa miye. Muzee mujinga, kichwa ya bure!

Viviane ameniletea ugali bila kuniangalia. Akasema neno moja tu: "Papa, desturi yenu ni ya kuomba batoto, ao ya kubadanganya?"

Nilikula.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo njo siku ya kutoa mahari, naandika nikiwa mu migomba ya Appolinaire. Nimeomba ruhusa ya kukojoa. Kamba ya mbuzi iko mu mukono wa kushoto. Niliondoka nayo, batu bakashangaa.

Mambo ilikuwa hivi. Onesphore alihubiri vizuri, nikasimama nitoe kamba. Irakiza, na robe yake ya kanisa, hakuniachia, alishika na yeye. Appolinaire akauliza mwenye mbuzi ni nani. Akamuinamia mutoto: "Mama kadogo, umekubali?"

"Ndiyo. Tonton atazirudisha nikienda inivasite. Aliniambia ku piki."

Bienvenu akaanza kukuna shingo.

Appolinaire akasimama. "Binti yangu haolewi na mbuzi ya deni. Muzee, wewe njo baba. Sema mbele ya batu: ni mahari, ao ni mukopo?"

Onesphore akaninong'oneza niseme mahari, chakula kinapoa. Mariette alikuwa anachungulia mulangoni, nywele zimesukwa mupya. Viviane alisimama kati ya bamama. Aliniangalia tu.

Nikisema mahari, naiba mutoto akiona na macho yake. Nikisema mukopo, Bienvenu anarudi peke yake na piki yake. Na miye, mwenye mudomo wa kutosha kijiji kizima — nikasema kibofu!

Bienvenu anaita. "Papa! Bado?"

"Bado!"

"Mukojo gani huo, papa? Batu banangoja!"

Angoje. Bangoje bote! Nani alimutuma kumuahidi mutoto?

Irakiza amekuja. Ameshika kamba nyuma ya mukono wangu. Anauliza: "Babu, tunaenda upande gani, kwa batu ao nyumbani?"