Abiria Wamepanda Kabla ya Rubani

Alhamisi. Jua kali, upepo hakuna, miombo imechanua hadi inanukia huku nyumbani. Hali nzuri kabisa ya kurusha ndege. Ndiyo maana naumia.

Daftari, nisikilize wewe, maana wengine wote wanacheka.

Ndege yangu imeingiliwa na nyuki.

Si mmoja, si kumi, kundi zima. Asubuhi nilikwenda uani kuishusha mtini nifunge mabawa, nikakuta wanaingia na kutoka madirishani kama wana tiketi. Na madirisha niliyatoboa mwenyewe, ishirini kila upande, kwa majivuno tu, ifanane na ndege za abiria za kweli.

Hapa hakuna wa kunisuta, basi niseme. Kosa ni langu. Mwili wake ni fito za mianzi na karatasi za mifuko ya saruji, umenizidi urefu. Gundi ni uji wa muhogo, na mbuzi walishakula mkia wa kwanza kwa uroho wa uji huo. Nikaupaka mwili wote nta, nikautundika mtini wasiufikie. Kitu cha mviringo, kitupu ndani, kina nta, kinaning'inia mtini. Mtoto gani wa Kinyamwezi hajui hicho kinaitwaje?

Mzinga! Mimi, mpwa wa mrina asali, nimehangaika miezi minane kutengeneza mzinga.

Na humo ndani kuna redio ya kugeuzia mkia na injini ndogo, mali ya Mwalimu Olafu, mgeni anayefundisha hesabu sekondari. Yeye hakucheka aliposikia nimeishia darasa la sita. Alisema, "Ikiruka kabla sijaondoka, redio na injini ni zako. Isiporuka, narudi navyo kwetu." Treni yake ni Jumamosi. Tulipanga kurusha kesho, kwenye njia ya zamani ya misafara, pale wapagazi walipokanyaga ardhi hadi ikawa ngumu kama sakafu. Kijiji kizima nimekialika. Balozi wa nyumba kumi nilimwambia aje na kiti chake.

Nilimkimbilia Mjomba Kasanda. "Shikamoo mjomba, nifukuzie nyuki kwa moshi."

"Marahaba. Moshi kwenye nta na karatasi? Utarusha majivu, mjomba."

"Sasa watatoka lini?"

"Watoke waende wapi? Mizinga yangu mitupu tangu msitu ufyekwe kwa shamba la ujamaa. Wewe umewapata bila jasho. Hongera, fundi!"

Halafu akanifuata uani, akaokota mkaa, akanyata hadi mtini, akachora alama yake ya mizinga mkiani, juu ya jina la ndege. Mzinga wenye alama ya mwenyewe hauguswi na mtu mwingine.

Hata mimi.

Kwa hiyo kurusha siwezi, na kumrudishia mwalimu redio yake siwezi.

Alasiri nilisimama mbali, nikashika kisanduku cha kuongozea, nikasukuma kijiti. Betri ya ndani sikuizima jana, kosa jingine hilo. Mkia ukageuka kushoto. Nyuki wakavuma wote kwa pamoja, na kweli tupu, daftari, ilinguruma kama ndege inayotaka kupaa. Nywele zilinisimama. Nikasukuma tena, mkia ukageuka kulia, polepole.

Mara ya tatu haukujibu; betri imekwisha.

Kesho mwalimu atakuja akitabasamu, na balozi na kiti chake. Mdomo wangu huu uliowaalika, utawaambia nini?