Uso Niliofanyia Mazoezi

Mukuyuni, Alhamisi, mwezi wa kumi, 1974

Joto limeshinda hapa tangu asubuhi, na mvua bado ni maneno ya redio tu. Nimeoga na bado najihisi mchafu. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika leo, kesho nitapanda gari kwenda Emali kupigwa picha kama mtu ambaye hakupatwa na kitu.

Picha yenyewe tumeipanga kama harusi. Kliniki yangu ina miezi michache, na akina mama bado wanapita mlangoni wakinitazama kwa pembeni, kisha wanaenda kujifungulia nyumbani. Mume wangu, Mwalimu Nzioka, ndiye aliyesema kwamba watu hawaji kwa mkunga wasiyemjua uso. Nipigwe picha nikiwa na yunifomu, moja itundikwe mlangoni, nyingine ikae dukani Emali, nyingine kwa fundi cherehani wa Salama, na chini yake liandikwe jina langu na kazi yangu. Nilikubali upesi. Nimefanya kazi hospitali ya serikali miaka mingi, lakini huko watu walikuja kwa serikali, hawakuja kwangu.

Wiki iliyopita nilikwenda kupanga mambo na Mwangi mwenye studio. Ni mtu wa Murang'a aliyefuata biashara za barabara kuu akabaki Emali. Kazi anaijua, ila anapenda mapambo. Alitaka nisimame mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, nimeshika simu. Simu yenyewe haina waya. Nikamwambia kliniki yangu haina simu, kwa hiyo nitashika pembe yangu ya kusikilizia mtoto tumboni, na pazia liwe jeupe. Akacheka, akakubali. Kisha akaniomba nitabasamu kidogo apime mwanga, na alipoona meno yangu akaacha kupima.

Meno yangu ya mbele yamechongwa.

Nilichongwa nikiwa msichana, kabla ya kupelekwa shule ya misheni. Nyanya yangu alisema mjukuu wake hataenda kwa wageni na mdomo usio na pambo. Niliumia, lakini wanawake walinisifu mpaka jioni, na nikajiona mrembo kweli. Huko bweni nikakuta wenzangu wa familia za kanisa wana meno mazima, na mwalimu mmoja akanionyesha darasani kama mfano wa ushenzi. Tangu siku hiyo naongea na mkono mbele ya mdomo. Nimeolewa hivyo, nimelea watoto hivyo, naimba kanisani hivyo.

"Sista, hiyo meno isikusumbue," Mwangi aliniambia. "Funga tu mdomo. Na ikionekana, mimi naijaza na penseli kwa filamu. Hakuna mtu atajua."

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Aliniambia nifanye mazoezi mbele ya kioo, midomo ikutane bila kubanwa, ili siku ya picha uso uwe umezoea. Nikafanya. Nikaanza hata kuwapokea wagonjwa na uso ule, maneno machache, chini chini. Nilidhani ndivyo mtu wa heshima anavyoonekana.

Jumatatu akaja Kalondu. Mimba ya kwanza, uchungu umeanza, ameletwa na mama mkwe wake kutoka mbali kidogo. Nilimpima nikaona mtoto amekaa vibaya, kichwa kiko juu. Alitakiwa kufika hospitali ya Makueni kabla hajachoka. Nikaweka mkono mdomoni kama kawaida yangu, nikawaeleza kwa sauti ya chini, halafu nikatoka mbio kwenda sokoni kutafuta gari. Niliporudi na dereva, kitanda kilikuwa kitupu. Tulizunguka tukiuliza mpaka giza likaingia, na hakuna aliyetuonyesha boma lao.

Mutindi, anayenifulia mashuka, aliwaona wakishika njia ya nyuma. Aliogopa kuniambia mpaka jana, habari zilipofika kisimani. Yule mama alimwambia kwamba hawezi kumwachia mke wa mwanawe mtu anayenong'ona juu ya tumbo la mja mzito huku ameficha mdomo. Hapa kwetu mtu wa namna hiyo ni mchawi; hajadiliwi, anakimbiwa.

Leo, kwa maelekezo ya Mutindi, nimekwenda kwao, ng'ambo ya mto.

Mtoto alitanguliza miguu akakwama. Walimzika Jumanne, hata jina hakuwa amepewa. Kalondu yu hai. Ana homa. Nimemsafisha, nimempa dawa, na nitarudi kumwona. Alitazama ukuta tu, na maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake.

Mama mkwe alikaa mlangoni muda wote huo. Nilipomaliza nilitaka kumpa pole, lakini nikalia badala yake, mdomo wazi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa vitambaa. Ndipo akaona. Alipofungua mdomo wake nikaona kwamba meno yake ni kama yangu, ila yameliwa na umri.

"Ulichongwa wapi?" aliniuliza kwa Kikamba.

Nikamwambia Mbooni, nyanya yangu alinipeleka.

"Na mbona hukuniongelesha kama mtu?" akasema. "Ningekaa, mwanangu. Ningekaa pale mpaka gari lije."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Pengine mtoto angekufa hata hospitalini. Nimeona wengi wa namna hiyo. Kama yaliyonipata yangempata muuguzi mwingine ningemwambia hivyo, na nisingekuwa nimemdanganya. Lakini akina mama wakiona haya kujifunua mbele yangu, huwa nawatania: mficha uchi hazai. Wanacheka, wanalegeza leso, kazi inaendelea.

Miaka yote hii nimewaambia hivyo na mkono mdomoni.

Nzioka ameshapiga pasi yunifomu na kuitundika. Aliponiona nimerudi vile nilivyorudi akasema, "Mama Ndunge, hii mambo ya picha inaweza kungoja." Ni mtu mwema. Nikamwambia haiwezi kungoja. Mwanamke mwingine anaweza kuletwa hapa kesho kutwa na mama mkwe mwingine mwenye hofu.

Kwa hiyo nitakwenda. Pazia litabaki jeupe na pembe nitaishika, ila Mwangi atie penseli yake mfukoni. Atabishana nami, maana anajali kazi yake na hataki picha ya studio yake ichekwe dukani. Wapo watakaoicheka, na wa kwanza atatoka kanisani kwetu, namjua. Naogopa. Sijawahi kumwonyesha mtu meno haya kwa kupenda.

Kutabasamu siwezi, na sitajilazimisha. Nimekuwa nikijiuliza mtu hufungua vipi mdomo mbele ya kamera bila kucheka, na naona njia ni kusema kitu. Nitamwomba Mwangi asubiri nivute pumzi. Atakaponisikia nikitaja jina la Kalondu, hapo ndipo abonyeze.